Mikanda ya Gari la Kulala

Arusha
12 Februari 1995

Mdogo wangu Paschal,

Mwangaluka. Huku jua limekuwa kali mpaka migomba ya watu imekunja majani, lakini mimi ni mzima na kazi ya upishi kambini inaendelea. Mpe mama yetu Mayu shikamoo zangu. Mwambie michembe yake ya viazi ilifika, ila wapishi wenzangu walinimalizia kabla sijachemsha hata mara mbili. Mwanangu Goodness mwambie soksi nilizomtumia ni za shule, si za kuchezea rede. Nashukuru sana wewe na Mayu kwa kunilelea. Wifi Lukresia naye msalimie.

Sasa tuje kwenye gari letu la kulala. Tangu uliondoe hapa nalifikiria kila ninapopakia vyombo vya kazini. Wale Wadenmark waliotuachia waliishi humo mwaka mzima, lakini walikuwa watu wa lami. Sisi tunataka kuchukua wageni pale Lamadi na kuwaingiza mbugani, na barabara za kule unazijua. Ng'ombe wote aliotuachia Baba, wangu na wako, wamekuwa gari hili. Zamani kazi ya namna hii ilikuwa ya mashirika tu. Sasa wameturuhusu watu binafsi, basi tusianze kwa aibu.

Mimi nimesafiri na vyombo vya kambi miaka mingi. Nimeona kikaango cha chuma kikiruka kutoka nyuma na kumpiga dereva kisogoni, kisa breki ya ghafla. Kwa hiyo nisikilize. Vitu vizito viwe chini kabisa sakafuni, vimeegemea ukuta ulio nyuma ya kiti chako. Madumu ya maji, boksi la spana na jeki, vyote huko. Juu weka mashuka, taulo na mkate, basi. Makabati yasishikiliwe na misumari kwenye mbao. Toboa sakafu, pitisha boliti, na kwa chini weka kipande cha bati nene kabla ya nati, ili isichomoke. Kila mlango wa kabati uwe na komeo, maana kwenye kona hufunguka wenyewe. Mtungi wa gesi usimame wima ndani ya sanduku lake, na sanduku liwe na tundu chini, kwa sababu gesi ikivuja inashuka, haipandi. Gari likiwa linatembea, mtungi ufungwe.

Nimempa Januarius, dereva wetu wa kambini, akuletee mikanda. Ni ile mipana yenye vifungo vya chuma, haipatikani Bariadi. Ukimaliza, zungusha gari uwanjani na usikilize. Kinachogonga ndicho hakijafungwa.

Mwambie Goodness aandike mstari wake chini ya barua yako kama kawaida.

Ni mimi dada yako,
Klementina

*

Bariadi
9 Machi 1995

Dada Klementina,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mayu goti linamsumbua asubuhi, likishapata jua anatembea mpaka shambani. Mvua imeshuka vizuri, pamba imechanua, na mahindi ya Maswa yote nasikia ni ya kupendeza. Lukresia anakusalimu.

Mikanda imefika. Januarius aliishusha yeye mwenyewe, na fundi Marcelo alipoiona akasema, "Hii ni ya kufungia ndege." Tumetoboa sakafu kama ulivyoagiza. Mwanzoni Marcelo alibisha, akaniambia, "Boliti za nini kwa kabati la vikombe? Dada yako anafikiri mnakwenda mwezini?" Nikamwambia toboa tu, dada yangu akisema jambo halirudi nyuma. Sasa makabati hata umsukumie fahali hayatikisiki. Mtungi wa gesi nimeuwekea sanduku, tundu lipo. Nilipolizungusha uwanjani kiligonga kitu kimoja tu, nacho kilikuwa mlango wangu mwenyewe wa dereva.

Mji umechangamka sana, dada. Wanasema msimu huu chama cha ushirika hakitanunua pamba peke yake. Watakuja wanunuzi binafsi, na tayari wengine wamepanga vyumba karibu na soko. Kila mwenye gari anatafutwa. Nakwambia tu habari za mji.

Wako mtiifu,
Paschal

Mama shikamoo. Nimeingia kwenye gari nikavuta kabati kwa nguvu zangu zote halikufunguka. Mjomba amesema mimi ndiye mkaguzi. Soksi moja imeliwa na mbuzi. Goodness.

*

Arusha
2 Aprili 1995

Mdogo wangu Paschal,

Mwangaluka. Barua yako niliisoma mara nyingi, nikamsomea na Felisita ninayelala naye chumba kimoja, tukacheka habari ya Marcelo. Mpe pole Mayu, nimemnunulia dawa ya kuchua, nitaipeleka stendi. Mkaguzi wangu mwambie mbuzi huyo akamatwe.

Nimepata wageni. Ni mume na mke na wazee wao wawili, watafika mwanzoni mwa mwezi wa nane. Niliwaeleza gari lilivyo, nikawaambia kaka yangu ni dereva mwangalifu. Ndivyo nilivyosema, "kaka", ili wakuheshimu.

Habari ya wanunuzi wa pamba nimeisikia. Paschal, hilo gari si la mizigo. Ukilipakia pamba mara moja tu, vumbi lake halitoki kwenye godoro, na boliti zitalegea. Naomba unijibu kuhusu hilo.

Dada yako,
Klementina

*

Arusha
20 Juni 1995

Mdogo wangu Paschal,

Habari za siku nyingi? Mayu goti vipi? Huku baridi imeingia, asubuhi tunapikia wageni tumejifunga mablanketi. Tangu Machi sijapata neno lako. Nimejiambia ni posta.

Wageni wamethibitisha. Mimi mwenyewe siwezi kuja kabla ya hapo, kazi imebana, wageni wa kampuni ni wengi na hawaniruhusu. Kwa hiyo nakutegemea wewe. Kagua mikanda yote tena. Ikilegea ivute. Chupa zote za kioo zizungushiwe nguo. Kizima moto kikae karibu na mlango ambapo mtu anakifikia bila kuinama. Viti vya kukunja vifungwe pamoja, visiachwe vikilala juu ya kitanda, mtu akikaa pale vitamwangukia.

Goodness anaendeleaje na darasa la nne? Nibusie.

Klementina

*

Bariadi
24 Julai 1995

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, posta ya hapa mara haina stempu mara haina mtu. Sisi wazima. Mayu mzima. Mavuno yamekuwa mazuri.

Gari liko sawa. Kila kitu kimefungwa kama ulivyosema, usiwe na shaka.

Goodness anakusalimu. Hakuweza kuandika, wana mitihani.

Nitakuandikia kwa kirefu nikitulia.

Paschal

*

Arusha
6 Agosti 1995

Paschal,

Mwangaluka. Nitakusalimia vizuri siku nyingine.

Januarius alipita Bariadi wiki iliyopita akienda Mwanza kuchukua watu. Amenieleza alichokiona, na alinieleza kwa shida, kwa sababu ni mtu asiyependa kuchonganisha ndugu. Aliliona gari letu nje ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Paa limebebeshwa marobota mpaka limebonyea. Alichungulia ndani akidhani atakuta kitanda. Hakukuta kitanda, hakukuta makabati. Kulikuwa na magunia hadi dirishani. Na akaniambia, "Klementina, ile mikanda niliyobeba miguuni kutoka Arusha, ndiyo imefunga pamba juu ya paa."

Wageni wangu niliwafuata hotelini walikofikia nikawaambia gari limeharibika. Nilisema uongo kwa ajili yako, na uso wangu haukuzoea, yule mama wa Kizungu akaanza kunifariji.

Nataka kujua mambo mawili. Umefanya hivyo tangu lini? Na kwa nini mwanangu haniandikii? Hakuna mitihani mwezi wa saba, shule zinafungwa.

Klementina

*

Bariadi
15 Agosti 1995

Dada Klementina,

Shikamoo. Barua yako imeniuma, lakini wewe ni mkubwa wangu, nitajibu.

Ni kweli nimebeba pamba. Dada, wewe uko Arusha kwenye mishahara. Mimi nilikaa na gari limefunikwa turubai kama bibi harusi, watu wakipita wananicheka: "Paschal, unafuga gari?" Bwana mmoja mnunuzi akaja hapa nyumbani, akakaa, akasema anataka gari linalofika mpaka Shishiyu ambako malori makubwa hayapendi kwenda. Nikasema siku chache tu. Siku chache zikaita nyingine. Makabati nimeyatoa mimi mwenyewe kwa spana, hayajavunjika, yamehifadhiwa mahali pazuri. Yatarudi. Ulitaka gari lizae na mimi nimelizalisha, tofauti ni kwamba hukulipanga wewe.

Januarius angeniuliza mimi badala ya kuchungulia madirisha ya watu.

Mayu yuko salama. Mkono wa Goodness unaendelea vizuri, kidonda kimekauka, kwa hiyo hilo lisikutie hofu tena. Tuzungumze habari ya gari kwa utulivu, kama watoto wa baba mmoja.

Mdogo wako,
Paschal

*

Mwanza
4 Septemba 1995

Paschal,

Mkono gani?

Nilitaka kukuandikia neno hilo tu siku ile ile barua yako ilipofika, lakini sikukaa kuandika. Nikaacha sufuria motoni, nikamwambia msimamizi afanye anavyotaka, nikaenda stendi.

Ulijua nakuja. Najua ulijua, kwa sababu Lukresia aliponiona tu alianza kulia kabla sijatua mzigo, akasema umekwenda Kiloleli kuangalia pamba. Nilipitia sebuleni kwako. Makabati yangu yamepangwa ukutani, vikombe vya mkeo vimo ndani, na makomeo yamefungwa vizuri kabisa. Ndipo mahali pazuri ulipoyahifadhi.

Nikavuka uwanja nikaenda kwa Mayu. Alikuwa anapepeta mtama. Hakuinuka. Miaka yote nikifika hunipokea njiani, safari hii alinitazama kama mgeni aliyepotea nyumba. Nikasema, "Shikamoo Mayu." Akasema, "Marahaba. Wageni wako wamekupa ruhusa?"

Sikumwelewa. Nikauliza mtoto yuko wapi. Goodness akatoka ndani. Mkono wa kulia aliuficha nyuma ya gauni. Hakunikimbilia. Alisimama mlangoni akaniuliza kwa adabu, "Mama, wageni wameshaondoka?"

Paschal, nimeuona mkono huo. Vidole vitatu havipo, na viwili vilivyobaki havikunjiki. Kidonda kimekauka, ndiyo. Hukunidanganya hapo.

Mayu alinieleza yote kwa sababu alidhani nayajua. Mlikuwa mnatoka Shishiyu. Ulikuwa umebeba ile mizani kubwa ya chuma ya kupimia pamba, na mikanda yote ilikuwa juu ya paa. Mizani ikawa inacheza. Ukamwambia mtoto akae nyuma aishike isianguke. Ng'ombe wakaingia barabarani, ukafunga breki, mizani ikateleza ikambana mkono kwenye chuma cha mlango. Mimi nilikutumia mikanda kutoka Arusha, wewe ukamfunga mwanangu mahali pake.

Hilo ni la gari. Watu hupata ajali, na huenda siku moja ningelia nikanyamaza. Lililonileta kwenye karatasi hii ni jingine.

Mayu alisema, "Mbona ulikataa kuja? Tulikuandikia. Paschal alisoma majibu yako palepale hospitalini, kitandani kwa mtoto." Nikamwomba anionyeshe. Alikuwa ameitunza kwenye kikapu chake, imekunjwa ndani ya kitambaa. Ni barua yangu ya tarehe 20 Juni. Ile ya chupa na viti vya kukunja. Mayu hajui kusoma, na mtoto alikuwa na homa. Ukasimama mbele yao na karatasi yangu mkononi, ukasoma kwamba nimepata habari za mkono, kwamba nina wageni wengi, kwamba siwezi kuja, wamtunze tu. Kuna maneno humo ni yangu kweli. Niliandika kwamba siwezi kuja na kwamba hawaniruhusu. Uliyachukua ukayapeleka mahali pengine.

Mayu akasema baada ya kusoma ulimbusu mtoto kwenye paji, ukasema, "Huyo ni mama yako." Na hata hilo nililiandika, "nibusie".

Nilimsomea Mayu barua ile kama ilivyo, neno kwa neno, kizima moto na vyote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba nimsomee tena. Kisha akaingia ndani.

Niko na Goodness hapa hospitali Mwanza. Madaktari wanataka kuangalia kama vidole viwili vile vinaweza kufundishwa kukunjika. Usije.

Klementina

*

Kiloleli
20 Septemba 1995

Dada yangu Klementina,

Shikamoo, shikamoo tena. Sijui hata nianzie wapi. Goodness anaendeleaje? Siku zote namwona akicheka kwenye lile gari, akivuta makabati.

Sikukusudia. Siku ile damu ilikuwa nyingi, Mayu ananililia, "Mwandikie mama yake, mwandikie." Nilikaa na kalamu nikashindwa. Ningekuambia nini? Kwamba mikanda iko kwenye paa? Nikasema apone kwanza. Kisha barua yako ikafika, Mayu akaona bahasha akajua ni yako, akasema soma. Nilifungua nikakuta ni habari za chupa, na wote wawili wananitazama usoni. Maneno yakatoka, dada. Niliona siku mbili tatu nitarekebisha. Baadaye nikawa nimezoea kwamba unajua, mpaka nikakuandikia kama mtu anayejua.

Gari nimelisimamisha. Yule bwana amekuja na vijana wake kulitaka nikakataa. Litauzwa au litakuwa lako, amua wewe.

Nina ombi moja. Mayu hali tena chakula cha jiko letu. Lukresia akimpelekea ugali anaupokea, anaushukuru, anampa jirani. Hanisemi, hanitukani, ananipita. Niko Kiloleli kwa sababu siwezi kukaa pale. Wewe anakusikiliza. Mwandikie, au mtumie mtu amwambie kwamba zilikuwa barua mbili, moja ikapotea njiani, nami nikachanganya. Sema ni posta. Utakuwa umeniokoa, na yeye roho itatulia. Umri wake si wa kubeba jambo hili.

Nakulilia,
Paschal

*

Mwanza
8 Oktoba 1995

Paschal,

Barua yako nimeipata. Uliuliza hali ya Goodness. Kidole kimoja kimeanza kujikunja kidogo, kingine bado. Amechagua kunyamaza kuhusu wewe, nami simlazimishi. Kazi Arusha imekwisha, wameweka mpishi mwingine. Nimepata jiko la kupikia wauguzi hapa, na tutakaa Mwanza mpaka madaktari waseme basi.

Gari atakuja kulichukua Januarius. Mpe funguo na usimweleze kitu. Makabati mwachie Lukresia, amekwisha kupanga vikombe, na yeye hakunikosea.

Umenitafuta kwa sababu ya sahani ya ugali inayokwenda kwa jirani. Nimefikiri sana, kwa kuwa ni kweli wewe ni mtoto wa baba yangu, na tutaendelea kukutana misibani na harusini, na nitakuitikia utakaponiamkia, watu wasione. Lakini hilo ombi hapana. Mwanangu alilala na homa akiamini mama yake amechagua wageni. Hata sasa nikichelewa kurudi kutoka jikoni namkuta amekaa wima kitandani, amevaa viatu. Sina uongo wa kumpa Mayu juu ya huo wako.

Mayu nimemwandikia barua yake mwenyewe. Nimemtumia Apolonia, mke wa katekista, amsomee, na nimemwambia Mayu asomewe mara ya pili na mtu mwingine, alinganishe.

Wewe hukunihitaji mimi wala stempu. Rudi Bariadi. Kutoka mlango wako mpaka mlango wa Mayu hakuna posta, ni uwanja tu. Vuka.

Klementina